Msanii au fundi? Jibu kwa mchoraji wa twiga

SWALI: Nina miaka 29, nachora kwa mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam tangu nimalize kidato cha nne. Kwa wiki natoa picha nane hadi kumi: twiga, tembo, Wamasai watatu na machweo. Mwezi uliopita nilipeleka picha tatu kwa mwenye galari mmoja. Hata dakika mbili hazikufika, akasema, "Huu ni ufundi, si sanaa. Niletee sanaa." Jioni hiyohiyo mpwa wangu akafungua programu kwenye simu, akaandika maneno manne, ikatoka picha ya twiga kwa mtindo wetu kabla sijamaliza chai. Sasa nauliza: mimi ni msanii au ni fundi tu? Na kama mashine inaweza, sanaa ina kazi gani katika dunia ya leo? Nisisahau: picha pekee ninayoipenda mwenyewe ni ya mafuriko ya Jangwani ya mwaka 2011. Niliichora bila oda, haikununuliwa, iko kwa mama.

JIBU:

Ndugu yangu, pole kwa maneno hayo, maana najua yanavyokaa kooni. Ila huyo mwenye galari amekupa hukumu ambayo hata lugha aliyoitamkia haiikubali. Neno sanaa tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko ukoo wake wote ni wa kutengeneza: kazi ya mikono, ustadi wa kuunda kitu. Kiarabu cha leo hutumia neno la ukoo huohuo kwa viwanda. Ukilirudisha neno kwao, basi, alichokuambia ni kwamba huu ni ufundi, si ufundi.

Na sisi hatujawahi kulidharau neno fundi. Aliyechonga mlango wa Kizanzibari ni fundi. Kijana akimpiga beki chenga akamwacha amekaa chini, uwanja mzima unapiga kelele, "Huyu dogo fundi!" Hakuna anayetaka kumvunjia heshima. Lililochafuka mitaani ni lile jingine. Mtu akikuuzia simu feki, amekufanyia usanii. Mkutano ukiitishwa watu wapigwe picha kisha usizae kitu, ulikuwa usanii mtupu. Fundi ana sifa, msanii ana mashaka.

Vijiwe vyetu havikuanza shaka hiyo. Plato, mwanafalsafa wa kule Athens, yapata miaka 2,400 iliyopita, aliieleza kwa kitanda. Kuna vitanda vitatu, alisema. Cha kwanza ni wazo lenyewe la kitanda, ambalo ni la Mungu. Cha pili anakitengeneza seremala, akilitazama wazo hilo. Cha tatu anakichora mchoraji, naye haigi kitanda, anaiga kinavyoonekana kutoka upande mmoja. Hajui mbao, hajui kiungio, na kitanda chake hakilaliki. Kwa hiyo ngazi ya heshima kwa Plato ni Mungu, seremala, mchoraji. Wa chini kabisa ni yule ambaye mwenye galari wako amemweka juu ya fundi.

Sasa ngazi hiyo ilipinduliwa lini? Huu ndio ufunguo wa swali lako, nivumilie kidogo. Wagiriki walikuwa na neno moja kwa kazi ya mshona viatu, tabibu na mchonga sanamu. Ulaya ya karne nyingi baadaye ilimweka mchoraji kwenye chama cha mafundi pamoja na wenzake wa kazi za mikono, akapewa oda na vipimo na tarehe ya kukabidhi mzigo. Wachoraji wakubwa walilichoka kundi hilo, wakataka kukaa meza moja na washairi. Nadharia ya kuwabeba ilikamilika karne ya 18. Mwaka 1735 Baumgarten, Mjerumani, aliutungia uwanja huu wa kufikiri juu ya uzuri na sanaa jina ambalo Wazungu wanalitumia hadi leo, aesthetics. Mwaka 1746 Mfaransa Batteux alikusanya muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi akaziita sanaa nzuri, zenye kanuni moja. Kisha mwaka 1790 akaja mwanafalsafa Immanuel Kant na kupiga msumari: sanaa ni huru, inampendeza anayeifanya kama mchezo unavyopendeza, ufundi ni kazi, wenyewe unachosha, na unavutia kwa sababu ya ujira tu. Hayo yameandikwa na profesa aliyekuwa akipokea mshahara wa Chuo Kikuu cha Königsberg, jambo ambalo huwa nawakumbusha wanafunzi wangu wakianza kumsoma kwa unyenyekevu uliopitiliza.

Kwa hiyo ule mstari uliochorewa wewe mezani pa galari una umri wa miaka 280 hivi, na ulichorwa na watu waliokuwa na sababu zao. Sisemi ni uongo. Nasema ni wa juzi, na una kwao.

Karne ya 20 ikaufanyia vituko. Oktoba 1926 meli kutoka Ufaransa iliingia New York ikiwa na kazi za Constantin Brancusi, mchongaji kutoka Romania. Mojawapo ilikuwa shaba iliyong'arishwa, nyembamba, ndefu, haina bawa wala mdomo, na jina lake ni Ndege Angani. Kazi za sanaa zilikuwa zinaingia Marekani bila ushuru. Maofisa wa forodha wakaizungusha, wakaitazama, wakaamua haiwezi kuwa ndege. Wakaiandikisha katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40. Aliyeinunua kwa dola 600 akatakiwa atoe dola 240 nyingine. Kesi ikaenda mahakamani, mashahidi wakaulizwa mmoja mmoja: wewe unaona ndege hapa? Ukikutana nayo msituni utaipiga risasi? Novemba 1928 mahakama ikasema hii ni sanaa, kwa kuwa imezuka shule mpya ya wasanii inayoonyesha mawazo badala ya kuiga maumbile. Jaji, si mwanafalsafa, ndiye aliyemzika Plato.

Aliyesindikiza kazi zile melini alikuwa msanii Mfaransa Marcel Duchamp, na huyu ndiye mkorofi mwenyewe. Mwaka 1917 alinunua dukani sinki la kukojolea la wanaume, akalilaza chali, akalitia saini ya jina la bandia, R. Mutt, akalipeleka kwenye maonyesho ya New York ambayo yaliahidi kupokea kazi ya yeyote aliyelipa dola sita. Likakataliwa, na lenyewe lilipotea. Zile zilizoko makumbusho leo ni nakala zilizoidhinishwa baadaye, nyingi za mwaka 1964. Tafakari kidogo: kazi inayotajwa katika kila kitabu cha historia ya sanaa ya kisasa ni nakala ya kitu cha kiwandani. Halafu wewe unaambiwa twiga wako ni wengi mno.

Mwaka huohuo wa 1964, msanii Mmarekani Andy Warhol alipanga katika galari ya New York maboksi ya mbao yaliyopakwa yafanane kabisa na katoni za Brillo, zile za steelwool ya kusugulia masufuria. Mwanafalsafa Arthur Danto aliingia, akatoka na swali lililomshughulisha maisha yake yote: ikiwa vitu viwili vinafanana kwa jicho, kimoja kiko stoo ya duka na kingine ni sanaa, tofauti iko wapi? Jibu lake ni kwamba jicho halitoshi. Kuna nadharia, historia na mazungumzo yanayokizunguka kitu, na humo ndimo kinapopata kuwa sanaa. Ila mimi hupenda zaidi kipande ambacho wengi hukiruka. Katoni ya kweli ya Brillo ilisanifiwa na James Harvey, naye alikuwa mchoraji, mwenye maonyesho yake mwenyewe, aliyekuwa akisanifu maboksi ili apate kodi ya nyumba. Siku ya ufunguzi alikuwepo pale galari. Kazi yake ya mshahara ikawa sanaa mkononi mwa mtu mwingine, na picha alizozichora usiku hakuna anayezijua.

Tukirudi nyumbani, wewe unafanya kazi chini ya jina la Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha na aliyewahi kuajiriwa hospitali ya Muhimbili. Alianza kuchora yapata mwaka 1968, kwa rangi ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, mnyama mmoja akiijaza nafasi nzima. Alikuwa akiuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na kutoka hiyo minne mamia ya watu mnapata riziki mpaka leo. Hakuwahi kuwa na kipindi kisafi cha sanaa kabla ya soko. Soko lilikuwepo siku ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wamakonde: katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani, aliyempa moyo kwa kuyanunua alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera. Kwa hiyo mtu akikuambia kazi yako si sanaa kwa kuwa unamuuzia mtalii, mwambie basi na aliyeanzisha hakuwa msanii.

Hapo nimekutetea vya kutosha. Sasa nikugeukie.

Wapo watakaokuambia kwamba kwa kuwa mstari ni wa Wazungu, basi kila kitu ni sanaa, nenda kachore kwa amani. Huo ni uvivu. Katika barua yako umeandika kwamba katika picha zako zote ipo moja tu unayoipenda. Maana yake wewe mwenyewe unao mstari, na hukuupata kwa Kant.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nusu siku nyuma ya mchoraji mmoja wa mtindo wenu. Alikuwa na kanvasi sita zimesimama ukutani. Alizipita zote kwa rangi ya machungwa ya machweo, kisha zote kwa miguu ya twiga, kisha zote kwa madoa, kama mtu anayepaka siagi mikate ya harusi. Kwenye ya nne mkono ukasita. Shingo ilikuwa imepanda mno, kichwa kimekosa pa kukaa. Kitambaa chenye thina kilikuwa begani, angefuta na kuanza upya. Hakufuta. Aliikunja shingo, kichwa kikarudi chini, twiga akawa anatazama mgongo wake mwenyewe kana kwamba kuna mtu kamwita. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, kimya. Kisha ndipo akachukua kitambaa, akamfuta ndege mdogo mweupe aliyekuwa ameshamweka juu ya mti. Nikamuuliza, "Kwani ndege ana kosa gani?" Akasema, "Anaongea sana."

Tano zilikuwa oda. Ya nne ilimkuta njiani.

Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, alisema kitu ambacho yule mzee alinionyesha kwa kitambaa. Fundi anaujua mwisho kabla ya kuanza: meza ya miguu minne, futi mbili kwa nne, mninga. Anayefanya sanaa haujui. Anaugundua kadiri anavyofanya. Na Collingwood hakusema hao ni watu wawili. Mtu yuleyule, asubuhi ileile, brashi ileile, anaweza kuwa yote mawili, hata ndani ya picha moja. Kwa hiyo "msanii au fundi" ni swali baya likiulizwa kuhusu mtu. Liulize kuhusu kanvasi ya nne.

Mimi nina kipimo changu kidogo, sikukitoa kitabuni. Angalia kosa. Ukisahau mguu wa twiga, mteja ataliona kosa. Hilo ni kosa la ufundi, na lazima ulirekebishe. Lakini kuna kosa ambalo mteja hawezi kuliona na wewe huwezi kulala nalo: ndege anayeongea sana. Picha ambayo haiwezi kuharibika kwa namna hiyo ya pili, ambayo ikishakuwa na miguu yote na madoa yote imekamilika, hiyo ni kazi halali, inasomesha watoto, ila mwenye galari hakukuonea sana alipoipita haraka. Nadhani zilizokuletea maneno hayo ni tatu za namna hiyo. Nisamehe kama nimekosea.

Hapo ndipo ile simu ya mpwa wako inapoingia. Programu ile imelishwa picha nyingi mno pamoja na maelezo yake, ikajifunza ni rangi gani na umbo gani huandamana na maneno gani. Ukiiandikia "twiga, machweo, Tingatinga", inakupa twiga anayetarajiwa na maneno hayo. Nguvu yake yote iko mahali ambapo mwisho unajulikana kabla ya kuanza. Yaani iko kwenye zile kanvasi tano.

Sitakuambia usiogope. Kamera ilipotangazwa Ulaya mwaka 1839, wachoraji wa sura ndogondogo za watu, zile za kubeba mfukoni, waliishiwa soko ndani ya muda mfupi, na wengi wao wakageuka wapiga picha. Vitabu hupenda kusimulia kwamba uchoraji ulikombolewa ukaenda kutafuta mambo mapya. Kweli ulikombolewa, ila waliokombolewa hawakuwa walewale waliokosa kula. Na huna haja ya kwenda Ulaya: waulize waliokuwa wakichora mabango ya saluni kwa mkono, vichwa vitatu vya mitindo ya nywele na mkasi pembeni, nini kiliwapata mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipofika. Sehemu ya kipato chako iko hatarini, na falsafa haina dawa ya hilo. Hilo ni suala la ushirika wenu, la bei, na la mnunuzi kujua anachonunua kimechorwa na nani.

Lakini uliuliza sanaa ina kazi gani, na hapo nina la kusema. Wengi hudhani kinachoifanya kazi kuwa sanaa ni upekee, kwamba iwe moja tu duniani. Tazama kanga. Inachapwa kiwandani kwa maelfu, pindo lilelile, mji uleule, jina lilelile. Hakuna kitu kilicho mbali zaidi na upekee. Hata hivyo mwanamke akitoka asubuhi na "Hasidi hana sababu" mgongoni, siku ambayo jirani fulani yuko barazani, mtaa mzima umesoma. Maelfu ya nakala hayajapunguza kitu, kwa kuwa hii moja, leo, ina mwenyewe. Ukitaka kuuliza, unajua pa kuuliza, na yeye anajua ataulizwa.

Hilo ndilo ninaloliona likiadimika. Picha zimekuwa rahisi kama hewa, zinatupita kwenye simu kutwa, na nyingi hazina mwenyewe: hakuna wa kumuuliza kwa nini ndege hayupo. Mwaka 2022 picha iliyotengenezwa na programu ilishinda zawadi kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, na mwaka uliofuata ofisi ya hakimiliki ya huko ikakataa kuisajili kwa kuwa sehemu kubwa haikufanywa na mtu. Aliyeiwasilisha alisema alirudia maagizo mara mia sita na zaidi mpaka akapata aliyoitaka. Mimi simdharau, kukaa na kukataa picha mia sita ni kuchagua, na kuchagua ni nusu ya kazi. Yeye anaweza kuulizwa. Programu haiwezi. Kwa sababu hiyohiyo sina ugomvi na kunakili: wachoraji wenu wamekuwa wakirithishana michoro tangu wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga. Ugomvi wangu ni na anayetia saini ya marehemu kwenye kazi yake ili apandishe bei. Huyo ameikana picha kabla haijakauka.

Sasa, ile ya Jangwani. Sijaiona, najua tu mlichokiona wote Desemba ile: bonde la Msimbazi limejaa, watu juu ya mabati, magodoro yanaelea. Ulikuwa kijana mdogo. Umeichora bila oda, kwa rangi zilezile na, nadhani, kwa mkono uleule uliozoea madoa ya twiga, na usidhani umekwenda nje ya mtindo. Wenzako waliotangulia walishachora hospitali, waganga na vurugu za mitaa ya jiji hili. Usiipeleke kwa yule mwenye galari kwanza. Si kwa kumsusia, ila atakuuliza ukubwa na bei, na mazungumzo yataishia hapo.

Nenda kwa mama. Muulize wageni wakikaa mbele ya picha ile huwa wanasema nini. Wakisema tu "umechora vizuri", rudi kwenye kanvasi, bado. Wakiuliza yule mtu wa juu ya bati ni nani, na kama aliokolewa, niandikie tena, na unieleze uliwajibu nini.